"Baiti 24 za kushika hewa?" Yule jamaa amenimaliza leo mbele ya watu

Mikono bado inatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa bhajia.

Wiki 2 nimelala na programu yangu ya Rust, ile lugha ya kuandikia programu. Leo naiweka kwa runinga ya ofisi, watu 11 wameketi kimya. Jamaa anaingia amechelewa, karatasi ya bhajia imelowa mafuta mkononi. Hata hajaketi, ananyoosha kidole hicho hicho, anakandamiza skrini pale kwa Vec yangu, ile orodha ya kawaida ya Rust: "Baiti 24 za kushika hewa?"

Halafu akatafuna.

Jamani, ALITAFUNA. Watu walicheka hadi ghorofa ya chini wakauliza harusi ni ya nani. Mama wa chai akacheka, na yeye Rust anayoijua ni ile kutu ya sufuria.

Eti orodha zangu nyingi ni tupu, eti ningetumia ThinVec, orodha nyembamba zaidi. Haya. Na bhajia je? Doa liko pale pale juu ya Vec yangu, nalitazama nikiandika haya.

Pointa_Mtupu: Lakini kaka, si ni kweli? Kwa mashine ya biti 64, Vec ni pointa (anwani ya mahali data iko), urefu na nafasi iliyotengwa, baiti 8 mara 3. ThinVec inabeba pointa peke yake, hayo mengine yanalala pamoja na data kwa hipu, ile memori inayoombwa programu ikiendelea. Ikiwa tupu, haiombi memori hata kidogo. Orodha tupu milioni moja, umemwaga megabaiti 16.

Mwenye uzi: Nani amebisha hesabu? NABISHA KUTAFUNA.

Kachumbari: Zilikuwa na pilipili?

Mzee_wa_Kayole: Wewe una bahati. Wangu alisikia Firefox wanaitumia, akaamuru ThinVec kila mahali. Sasa ukitaka urefu tu, lazima ufuate pointa hadi kwa hipu. Ni kama kumwitisha makanga chenji, anakutuma kwa dereva.

Nimechoka254: Usinitajie makanga! Asubuhi pale Bomas ilikuwa 100, kufika Railways ikawa 150, eti mvua. Mvua gani? Nilikuwa nimevaa miwani ya jua!

Kachumbari: Yule mrefu wa koti jekundu? Ako na 50 yangu tangu Jumatatu.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwa bhajia.

Nimechoka254: Siku hizi anavaa la kijani. Ndiyo maana humpati.