Mjadala: Je, sayansi peke yake itaweza kuueleza ufahamu?

Wadau, mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba katika miaka 25 sayansi itakuwa imebainisha wazi shughuli za ubongo zinazoleta ufahamu, yaani ile hali ya mtu kuwa na fahamu na kuhisi. Juni 2023, jijini New York, Koch alikubali kushindwa hadharani, akatoa mvinyo wa dau. Tangu hapo wapo wanaoshangilia kuwa falsafa imeshinda. Mimi sishangilii, ila sayansi nayo isijitape.

Yanayojulikana si haba. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, una seli nyingi za neva kuliko sehemu nyingine zote za ubongo zikijumlishwa. Ukiharibika, mtu huyumba na kusema kwa shida, lakini fahamu zake anazo. Kumbe wingi wa seli si hoja. Chalmers anauliza jingine: kwa nini shughuli hizo ziambatane na hisia yoyote? Kwa nini maumivu yaume?

Mtaniambia hilo ni swali la wasio na kazi. Haya, twendeni wodini.

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake waliripoti habari za mwanamke aliyepata ajali ya barabarani, asiyeonyesha dalili yoyote ya fahamu. Walipomwambia awaze anacheza tenisi, mashine ya kupiga picha za ubongo ilionyesha ubongo wake ukichangamka kama wa mtu mwenye afya. Utafiti uliochapishwa 2024 ukaenda mbali zaidi: kati ya wagonjwa 241 wasioitikia amri kwa mwili, 60 waliitikia kwa ubongo. Robo nzima! (Fikiria yaliyokwisha kusemwa mbele ya vitanda vyao.)

Ila utafiti huohuo uliwapima pia wagonjwa 112 walioweza kutii amri wote wakiona, na vipimo vikawanasa 43 tu. Waliobaki walikuwa macho, wanasikia, na mashine haikuwaona.

Kwa hiyo kipimo kikisema "hakuna kitu", hatujaambiwa kwamba hakuna mtu. Na kikisema "kipo", bado wapo wanaodai ubongo unaweza kuitikia maneno bila mwenyewe kuhisi lolote. Picha zaidi hazitawanyamazisha hao, kwa sababu ubishi wao unahusu picha yenyewe ni ushahidi wa nini. Huo ni ubishi wa kifalsafa, mpende msipende.

Anayesema maabara inatosha, anijibu: mgonjwa asiyenaswa na kipimo chochote, tumhesabu yumo au hayumo, na kwa kigezo gani?