Muache kutuambia "lipa abonema": foto zetu za ndege zimefungwa kwa mashini yetu wenyewe

Banandugu, leo niko naandika na kasirani na sitaificha. Kila wiki mutu anauliza hapa mu grupu yetu programu gani ni nzuri kwa kutengeneza RAW (ile faili mbichi ya kamera) za ndege, na kila wiki jibu ni lile lile, lipa abonema ya programu fulani na mambo imeisha. Mimi nauliza, nani kati yenu ameijaribu hapa Bukavu, na kuran ya hapa, na rezo ya hapa, kwa kamashini ka mkono wa pili kama haka kangu? Juu mimi nimeijaribu miaka tatu, na nitawaambia ilinifikisha wapi.

Shule moja ya primere iliniomba foto kumi za ndege wa ziwa, watengeneze afishi kubwa za kutundika mu darasa. Pesa ilikuwa kidogo lakini nilifurahi sana, juu watoto wa hapa wanaona mdiria kila siku anasimama mu hewa juu ya maji kama amefungwa na kamba, kisha anajitupa chini, na hawajui hata jina lake. Nilikuwa na foto yake moja niliyoingojea asubuhi tatu pale Muhumba, nimekaa kwa mawe na miguu mu maji. Mdiria dume, ile ya mistari mbili nyeusi kwa kifua, ametoka mu ziwa na sambaza (kale kasamaki ka ziwa) mu mdomo, sambaza imepinda bado iko hai, na tone moja la maji liko linaanguka kwa mkia. Niliipiga na Nikon D500 na lensi ya 200-500. Kifua kilikuwa kinawaka juu ya jua, lakini nilijua RAW iko na akiba, nikirudi nyumbani nitashusha mwanga wa kifua na manyoya itatoka moja moja.

Kuran ilirudi saa saba usiku. Niliruka mu kitanda, nikawasha mashini, nikafungua programu. Vyombo vyote vya kutengeneza ni kijivu. Ujumbe unasema abonema yangu haijahakikishwa, niingie kwa intaneti. Nikaingia, rezo inakuja inaenda, mega zinakatika, mwisho inaniambia malipo imekataliwa. Sasa mulisikie vizuri: pesa iko. Iko kwa simu. Lakini benki zilifungwa hapa Februari 2025, muko mnajua wote, na ile karte ya kwa simu niliyokuwa natumia ilipitisha miezi miwili, mwezi wa tatu ikakataa. Nikaandikia huduma yao, nikajibiwa na mashini kwamba niulize benki yangu.

Foto naziona. Naweza kuzifungua, naweza kuzihesabu, siwezi kuzigusa. Foto nilizozipiga na macho yangu, na miguu mu maji baridi. Saa kumi kuran ikaenda tena na batri yangu haina nguvu ya hata saa moja.

Nilipeleka JPEG za ndani ya kamera, zile kamera inazitengeneza yenyewe. Mdiria alitoka kwa afishi na kifua cheupe pe, kama mutu amekata karatasi akabandika juu ya ndege. Ile mistari ya manyoya madogo chini ya shingo, hakuna. Mwalimu mkuu alisema ni nzuri sana, asante sana, na mimi nilisimama pale naangalia kile kitu cheupe nikaona haya.

Sasa mutu asiniambie RAW na JPEG ni karibu sawa. JPEG inabeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 inabeba 16,384. Kwa foto ya harusi pengine hautaona tofauti. Kwa ndege mweusi na mweupe mu jua la saa tatu juu ya ziwa, tofauti ni ndege mwenyewe.

Kitu ingine inayoniuma ni hizi video munazotumiana za kulinganisha programu. Mutu ameweka karte grafiki ya bei kuliko pikipiki, anabonyeza kitufe cha kuondoa brui (zile chenga za foto ya mwanga kidogo), anahesabu sekunde, anasema hii ni ya kwanza, hii ni ya pili. Mimi niko na giga 8 za RAM na karte grafiki sina, ile kazi ya sekunde inachukua dakika kumi na moja kwa foto moja, nimepima, na feni inalia kama kinu cha mihogo. Kisha ilikuwa inazaa faili nyingine mpya kubwa kuliko RAW mara kadhaa. Foto 40 ni usiku wote, na usiku wote wa kuran sisi tunaupata wapi? Sisemi hiyo teknolojia ni mbaya. Nitasema kweli kabisa, kwa ISO 6400 kuendelea (pale unapandisha kamera juu ya mwanga kidogo), ile DeepPRIME ya kuondoa brui ya programu za DxO na ile Denoise iliyoingia mu Lightroom mu 2023 zinasafisha kuliko kitu chochote cha bure nilichotumia mimi, na DxO angalau unanunua mara moja inabaki yako. Mwenye mashini ya nguvu na njia ya kulipa, atumie. Lakini musiiweke namba moja ya kila mutu kama vile wote tuko mu nyumba moja.

Na wale wanaojibu "enda kwa duka, watakukrakia (watakuwekea programu ya kuvunjwa, bila abonema) kwa dola tano", nyinyi njo munanikasirisha zaidi. Petit wangu mmoja alifanya hivyo. Wiki mbili programu ilitembea vizuri, wiki ya tatu folda zote ziligeuka majina asiyoyajua na haifunguki hata moja. Alikuwa na foto za Tshivanga, mu parke ya Kahuzi-Biega, za kipindi kile tulikuwa bado tunapanda, chozi wa kifalme, Cinnyris regius, kale kadege ka kifua chekundu na mbavu za manjano, na anapatikana tu mu milima hii yetu ya upande wa Bonde la Ufa la Albertine. Atazipiga tena lini? Njia ya kupanda kule leo nani anaijua? Dola tano!

Basi mimi nilitoka. Nilichukua darktable na RawTherapee, zote mbili bure, na zote mbili hazikuulizi akaunti wala intaneti. Unashusha mara moja kwa sibere, unabeba kwa kle, unaweka, imeisha. Ziko na Kifaransa ndani, kwa hiyo asiyejua Kiingereza asiogope. Na kitu kilichonipoza roho ni hiki: kazi yako inaandikwa mu kafaili kadogo kando ya RAW, darktable inaandika XMP, RawTherapee inaandika pp3, ni maandishi tu, unaweza kuifungua na kuisoma. Mashini ikikufa, unakopi folda, unaenda kwa mashini ya ndugu yako, kila kitu kiko. Mimi miaka yangu tatu imebaki mu katalogi ya ile programu ya abonema, foto kama elfu nne, mwanga niliopima moja moja, na sasa naanza zote upya.

Lakini nisiwadanganye kwamba ni raha tupu. Darktable wiki ya kwanza itakutukana. Inafungua foto yako imekaa kama imefifia, module (vyombo vyake vya kazi) ni mingi mno, na ukizoea programu ingine mkono wako unaenda fasi isiyo yake. Nilitaka kuiacha mara mbili. Kilichonibakiza ni ile module ya kuondoa brui kwa profaili, inajua kamera yako na ISO uliyopiga, imepimwa kabla, kwa hiyo kwa D500 inajua brui ya ISO 6400 inafanana namna gani. Inatosha uiwashe, kisha, na hapa njo siri ya ndege, usiiache ipite juu ya foto nzima na nguvu sawa. Ndege akisafishwa sana anakuwa mshumaa, manyoya inayeyuka, unapata sanamu. Chora maski kuzunguka ndege, igeuze, safisha nyuma mu majani kwa nguvu yote, kwa ndege mwenyewe ondoa chenga za rangi tu na umwachie ule mchanga mdogo wa mwanga. Mchanga mdogo kwa manyoya jicho linaukubali. Kwa msitu wenye kivuli, ambako kila kitu kinatoka kijani hadi tumbo la ndege, utarudisha pia rangi kwa kupima kitu cheupe au kijivu, mimi napenda kupima kinyesi cha ndege kwa tawi, musicheke, ni kitu cheupe cha karibu kuliko vyote na kiko mu mwanga ule ule wa ndege.

RawTherapee, kwa mimi, inashinda kwa manyoya. Iko na ile Capture Sharpening iliyoingia na 5.8 mu 2020, inarudisha makali yaliyopotea kwa lensi kabla ya kitu kingine, na kwa lensi yangu ya f/5.6 inaonyesha ndevu ndogo za kuzunguka jicho bila kuweka ile mistari myeupe mibaya ya pembeni. Kwa foto za brui nyingi, badilisha demosaic (njia ya kujenga rangi kutoka RAW) uweke LMMSE, ilitengenezwa kwa ajili ya foto za namna hiyo, ile AMaZE acha kwa foto za jua. Shida yake ni kuchagua foto mingi. D500 inapiga kumi kwa sekunde, asubuhi moja ni foto 900, na kuzipitia zote mule ndani kwa mashini yangu ni adhabu. Kwa kuchagua natumia NX Studio ya Nikon wenyewe, ni ya bure tangu 2021, wa Canon wako na Digital Photo Professional, nayo bure. Hizo zinasoma RAW ya kamera yao vizuri na rangi inatoka karibu na ile uliyoona kwa kamera. Kwa mutu anayeanza leo ningemwambia aanze pale tu, mwezi mzima, kisha aende darktable.

Kwa kamashini kadogo, muzime zile module nzito za darktable kama "diffuse or sharpen" mpaka mwisho kabisa, muiwashe wakati wa kutoa foto tu. Mimi sikujua, nilikuwa naiwasha kwanza, kila nikisogeza kitu nangoja kama nangoja boti ya Goma.

Ile foto ya mdiria nimeitengeneza upya juzi. Nilifungua NEF (RAW ya Nikon) mu darktable, nikashusha mwanga, na kifua kilirudi. Kuko mstari mmoja wa manyoya chini ya shingo uliolowa, umeshikana mu ncha tatu, na ncha ya katikati inabeba kitone cha maji kidogo kuliko kichwa cha sindano. Kilikuwa ndani ya faili siku zote. Nilichapa karatasi moja na pesa yangu, nikaipeleka kwa ile shule, wabadilishe ile nyingine. Katoto kamoja kalifika karibu na afishi hadi pua inagusa, kakasema "ako na maji!"

Kwa hiyo nawaomba nyinyi ba yaya munaojibu haraka haraka hapa. Mutu akiuliza programu, muulizeni kwanza mashini yake iko na RAM ngapi, kuran anapata saa ngapi, analipaje. Na mwenye kusema programu yake ya abonema inashinda, nitaweka hapa NEF mbili, ile ya mdiria mu jua na moja ya msitu ya ISO 6400. Zitengenezeni. Andikeni mashini yenu, dakika ngapi kwa foto moja, na kama mulikuwa mumezima intaneti. Mwenye hana mega za kuzishusha aje na kle, nitamkopia.