Tunaweza kuomba bajeti ya kata kwa ajili ya waraibu wa kubeti? Wazoefu wa vikao nisaidieni

Mama wa Igombe:
Mwangaluka wadau. Nina ombi la ushauri, na wale wa "mwache afe na mkeka wake" (mkeka ndiyo tiketi ya kubeti) naomba wapite kimya kimya.

Niko Igombe, Ilemela, nafanya dagaa. Wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanajua: mbalamwezi ikitoka, mitumbwi ya dagaa inapumzika kwa sababu taa hazivuti kitu. Zamani siku hizo vijana walikuwa wanashona nyavu na kulala. Siku hizi wanashinda kwenye dubwi, zile mashine za kamari za sarafu, na kwenye simu. Ukitaka kuona hali ilivyo, nenda dukani na noti ya elfu uombe sarafu za mia mbili mia mbili. Hupati. Zote ziko ndani ya mashine, na jioni mwenyewe anakuja na ufunguo, anazimimina kwenye beseni na kuhesabu watu wakiangalia.

Mdogo wangu ni mmoja wao. Alianza na mikeka ya jero, akahamia kwenye kindege, ule mchezo wa kamari wa simuni, mwisho akauza nyavu alizokabidhiwa na tajiri wake akakimbilia kisiwani. Ndugu tukachanga tukalipa. Mama alimpeleka kwenye maombi, kaka yetu mkubwa akatumia fimbo. Akatulia kidogo, akarudi kulekule. Juzi kamwambia mke wake bora angezama tu ziwani, watu wapumzike.

Sasa mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, na mapendekezo ya bajeti yanakaribia kukusanywa. Nimewaza tuombe fedha ya serikali kwa ajili ya kuwatibu hawa vijana na kuwakinga wadogo. Mjumbe mwenzangu kanicheka: zahanati inaishiwa dawa, wewe unaombea wacheza kamari! Je, ninaomba kitu cha ajabu? Kodi ya kubeti inakwenda wapi? Na nikisimama pale niseme nini hasa?

Mzee wa Mikeka:
Serikali imtibu mtu aliyechoma hela yake mwenyewe? Basi na mimi Simba ikifungwa nilazwe Bugando.

Muuguzi wa Ziwa:
Mzee, utani una wakati wake. Mama wa Igombe, bajeti isubiri. Hilo neno la kuzama lichukulieni kama lilivyo. Mtu asimwache peke yake, na kesho mpelekeni kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapo Mwanza. Akizidiwa usiku, nendeni dharura bila kungoja asubuhi.

Mkifika msiseme "ana mawazo, halali". Semeni kamari, tangu lini, kiasi gani, na deni liko wapi. Nimekaa kwenye dawati la wagonjwa muda mrefu. Familia inaficha kwa aibu, kijana anaandikiwa sonona au kukosa usingizi, anapewa dawa ya hilo, na kamari haionekani popote kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za wagonjwa. Halafu tunashangaa mbona haina fungu! Mpanga bajeti anasoma namba, hasomi machozi ya mama mkwe.

Na ni ugonjwa kweli. Shirika la Afya Duniani limeuweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Hakuna kidonge maalumu kilichoidhinishwa kwa ajili yake. Tiba yake kubwa ni vipindi vya mazungumzo na mtaalamu, anamfundisha mtu kuigundua hamu inapoanza na kuivunja ile hesabu ya "nikiweka mara moja tu nitarudisha zote". Pamoja na hapo wanaangalia sonona na pombe, maana mara nyingi vinaongozana.

Kama hela hamna, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjakata tamaa na kurudi nyumbani.

Wakala Kirumba:
Mkitaka kumsaidia, msimpe hela ya kulipa deni. Mlipeni anayedai, uso kwa uso. Kampuni nyingi zina sehemu ya kujifungia akaunti, akae na mke wake wazifunge moja moja, kisha laini yenye hela aishike mke. Atawachukia wiki ya kwanza. Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mumuulize mapema, hiyo huwa wanaitaja mwisho.

Mlipa Kodi:
Nijibu la kodi. TRA inakusanya sehemu mbili: kampuni inakatwa kwenye kinachobaki baada ya kulipa washindi, na mshindi anakatwa kwenye ushindi wake. Tangu bajeti ya 2021/22, asilimia 5 ya kodi ya kubashiri michezo inakwenda Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo imeitaja michezo ya kubahatisha kama chanzo cha kuchangia wasio na uwezo. Kwa hiyo wazo la kuchukua hela ya kubeti na kuipeleka kwenye jambo maalumu la jamii limeshakubalika nchini. Anayekucheka mjibu hivi: viwanja vimepata fungu, kijana aliyelipia viwanja hivyo anapanga foleni bila fungu.

Ila kata haina uwezo wa kugawa kodi hiyo. Hilo ni la bunge, mpelekee mbunge.

Mbongo wa Leeds:
Huku Uingereza walipitia hapohapo. Miaka mingi kampuni zilikuwa zinachangia kwa hiari, kila mmoja na moyo wake. Mwaka 2022 huduma yao ya afya ya taifa ikakataa kuendelea kutibu waraibu kwa hela hiyo ya hiari, kwa sababu anayekuuguza hawezi kuwa anamtegemea anayekuumiza. Tangu Aprili 2025 ni tozo ya lazima, kati ya asilimia 0.1 na 1.1 ya mapato ya kampuni kutegemea aina ya mchezo. Nusu inakwenda kwenye tiba, asilimia 30 kwenye kinga, 20 kwenye utafiti. Ni nchi tajiri, sisemi tuige kila kitu. Lakini ule mgawanyo mbunge wako anaweza kuusoma.

Mwenye Mashine:
Kila tozo ikija mnamtazama mwenye dubwi. Mimi nina leseni na ninalipa. Kampuni kubwa za simuni hamzioni kwa sababu hazina beseni.

Mama wa Igombe:
Kaka, wewe hukutajwa jina. Lakini mashine ya hapa kwetu watoto wa darasa la tano wanaicheza wakitoka shule, na sheria ni miaka 18. Na simu nazo nimezitaja, rudi juu usome.

Mwenye Mashine:
La watoto sikatai. Wa kwangu nawafukuza.

Diwani Mstaafu:
Mama, hoja yako ni nzuri, uilete vizuri tu. Ukisimama ukasema "tujengewe kituo cha waraibu", imekufa pale pale, watakuuliza kiwanja kiko wapi. Omba kitu kidogo chenye mahali pake kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri: mhudumu mmoja wa zahanati yenu apelekwe mafunzo ya afya ya akili, na kliniki ya mkoba, ile ya wataalamu kuwafuata watu walipo, ifike mwaloni. Mafuta ya gari na posho, basi. Tena omba ije siku za mbalamwezi, umesema mwenyewe vijana wote wako nchi kavu. Daktari akija siku za giza, vijana wakiwa ziwani, atahubiria kina mama na bata.

Pili, tangu 2017/18 fedha za vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Ongea kwanza na kamati ya usimamizi ya zahanati, iingize jambo hili kwenye mpango wake kabla ya kikao cha kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata ikikuta limeshatoka zahanati, inapitisha. Likitoka kwako peke yako, wanaliita malalamiko ya mama mmoja.

La watoto halihitaji bajeti. Mtendaji wa mtaa aandike barua kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na nakala polisi.

Mama wa Igombe:
Asanteni sana. Mdogo wangu ameenda Sekou Toure na mke wake, wamepangiwa kurudi. Kamari imesemwa na imeandikwa, nilimwambia shemeji ahakikishe. Hilo la mbalamwezi nalibeba kama lilivyo, na katibu wa kamati ya zahanati nitamwona Jumatatu. Barua ya mbunge nitaomba Mlipa Kodi anisaidie kuiandika.

Mlipa Kodi:
Nipo.

Diwani Mstaafu:
Na kikao kikiisha usiondoke bila kumwomba mtendaji akusomee muhtasari. Kuna kata hoja ya choo cha mwaloni ilijadiliwa saa nzima, watu wakapigiana makofi, muhtasari ulipofika halmashauri choo hakimo.