Kijana kaitwa ECHL Marekani, chuo nacho kinamngoja. Nishaurini wakuu

MzeeOntario: Wakuu, salaam. Kijana wangu ana miaka 20, ni beki, kamaliza OHL, ligi ya vijana ya hoki ya barafu huku Kanada, na umri haumruhusu tena. Timu moja ya ECHL, ligi ya kulipwa ya ngazi ya chini, inamtaka: dola 550 kwa wiki, nyumba juu yao. Upande wa pili kuna chuo kikuu, ada italipwa na ufadhili alioupata OHL. Yeye anasema chuo hakihami. Mama yake hataki hata kusikia. Mimi hoki yenyewe nimeijulia ukubwani.

KipaMstaafu: Shikamoo mzee. Nimedaka huko. Hizo 550 ni za msimu tu, Oktoba hadi Aprili. Kiangazi nilikuwa nabeba samani za watu wanaohama. Mechi 72, nyingi zimebanwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mechi inaisha saa nne usiku, mnaingia kwenye basi lenye vitanda vya kupandana, alfajiri mnashusha mabegi na glovu bado mbichi kwa jasho. Ukikatwa katikati ya msimu, chumba unakiacha.

DadaWindsor: Mbona Binnington kapita Kalamazoo, timu ya ECHL, na 2019 akabeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, ligi kuu kabisa, na St. Louis? Quick naye kadakia Reading, ECHL hiyohiyo. Msimvunje moyo mtoto wa watu.

KipaMstaafu: Dada, hao wote makipa 😀 Na wote walikuwa wameshachaguliwa na timu za NHL, wakashushwa huko wakakomazwe. Mzee, swali ni moja: mkataba wa kijana ni wa ECHL peke yake, au wa AHL, ngazi ya juu yake, halafu anashushwa? Tofauti ya mshahara ni kubwa.

WakiliMtaani: Kabla ya hayo, masharti ya ufadhili. Kusaini mkataba wa kulipwa kunaweza kuufuta. Waandikie OHL, wajibu kwa maandishi, maneno ya simu usiyapokee. Halafu wapo wanaocheza chuo huku Kanada, wakamaliza digrii, ndipo wakaenda ECHL au Ulaya.

MzeeOntario: Marahaba, mwanangu. Mkataba nimeusoma mwenyewe: ECHL tupu, AHL haimo. Ligi nimewaandikia, timu inataka jibu Ijumaa. Mama yake kasoma habari ya basi, sasa kesi imenielemea mimi.