Pijo 504 au Datsun 1600 SSS? Nisaidieni kabla ya Jumamosi

MwanaMambrui: Assalamu alaikum jamaa. Nimeonyeshwa magari mawili ya kale na Jumamosi natakiwa nitoe jibu. Moja ni Peugeot 504 saluni, la pili Datsun 1600 SSS. Wenyewe wanasema yote yanatembea. Nataka nilitengeneze niingie nalo kwenye mbio za magari ya zamani inshallah. Nyinyi mngechukua lipi?

FundiKazungu: Wa alaikum salaam. Swali limekuja uchi, bwana. Una pesa ngapi? Ya mwaka gani? Yamelala bandani au nje? Logibuku, ile hati ya mwenye gari, ina jina la nani? Na mbio zipi: kuegesha Jumapili watu wapige picha, au kupigwa na mawe ya Tsavo?

PijoDamu: Kwani hapa pana swali? 504. Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally nalo 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile 504 kupe ya milango miwili, injini ya silinda sita (V6). Kabla ya hapo Peugeot 404 ilishachukua 1963, 1966, 1967 na 1968. Linalala shimoni na kuamka kama halikuona kitu.

BintiKisauni: Usimchanganye mtu. Kupe ya V6 na saluni ya kwenda sokoni wapi na wapi, hata injini si moja. Chukua Datsun. 1970 Edgar Herrmann alishinda na 1600 SSS hiyo hiyo, mwaka uliofuata akashinda tena na Datsun 240Z. Na nyuma kila gurudumu linajitegemea.

PijoDamu: Hata saluni nyingi za 504 ziko hivyo hivyo, dada. Pikapu na stesheni wagoni zina ekseli moja ngumu inayoshika magurudumu yote mawili.

MwanaMambrui: Pesa ipo kiasi. Pijo liko Malindi mjini, Datsun liko huku kwetu Mambrui.

FundiKazungu: "Kiasi" si jibu. Hilo la Mambrui liko umbali gani na bahari?

MwanaMambrui: Si mbali. Ukisimama kwenye boneti unaona ngalawa.

KakaBarani: Yarabi, basi kutu ipo. Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Nilinunua Datsun 160J, ndugu wa yale aliyoshinda nayo Shekhar Mehta kuanzia 1979 hadi 1982, nikajiona nimeokota lulu. Muuzaji akaniapia kuwa ni la mzee aliyekuwa akiendea msikitini tu. Rangi nyekundu, unajiona meno. Sikuchukua fundi, mimi mjuzi! Wiki ya tatu tukashika njia ya Sala Gate, lango la Tsavo, watu wawili na ndoo ya mahamri. Tumepita Kakoneni, barabara imejikunja kama bati, nikasikia nyuma *kwa!* kama mtu amepasua nazi. Gari likakaa upande. Kufungua buti, shoki ya kushoto imetoboa na kuingia ndani, imesimama wima kati ya gurudumu la akiba na mahamri yangu. Pale inapofungwa hapakuwa na chuma. Palikuwa na fila, ule udongo wa kuzibia mabati, rangi na gazeti. Wallahi gazeti, nilisoma mpaka matangazo ya vifo. Tulikaa pale hadi magharibi, likaja trekta la shamba likatuburuta kwa kamba ya mkonge, na kamba yenyewe ikakatika mara tatu. Nilipompigia muuzaji, akasema gari lilitoka kwake likiwa zima.

Kwa hiyo usiulize nani alishinda mwaka gani. Nenda na sumaku. Ifunge kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Isiponata, hapo ni fila. Halafu inua zulia, dunga sakafu kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye papai, aga urudi nyumbani.

AmuMsafiri: Mimi wa Amu, gari langu linalala Mokowe na mimi navuka kwa boti, kwa hivyo chumvi naijua. Mbona hamjamtajia Volkswagen Beetle? Lilishinda 1954, 1957 na 1962. Halina rejeta, maji yatachemkia wapi?

FundiKazungu: Sheikh, Beetle la pwani sakafu ndiyo ya kwanza kuoza. Utaendesha ukikanyaga lami mwenyewe.

KakaBarani: Hata hivyo bingwa wa Safari ni Mehta tu. Ukiongeza na ile ya 1973 na 240Z, ni mara tano.

PijoDamu: Hesabu hiyo siikatai. Lakini Joginder Singh 1965, yeye na nduguye Jaswant, walishinda na Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Gari la mtumba! Kisha 1974 na 1976 akarudia na Mitsubishi Lancer.

BintiKisauni: 1965 aliondoka namba 1. Halikumpata vumbi la mtu.

PijoDamu: Namba 1 ndiye anayekutana na mbuzi wa kwanza.

MwanaMambrui: Nimerudi. Nimelitazama Datsun leo. Sumaku sina bado, ila nimefungua boneti. Ni safi, lina kabureta moja tu, kwa hivyo mafuta hayatasumbua.

BintiKisauni: Moja? SSS hutoka na kabureta mbili. Ama mtu alizing'oa apunguze mafuta, ama ni 1600 ya kawaida iliyobandikwa herufi tatu. Kwani analiuza kwa bei ya SSS?

MwanaMambrui: Ndiyo, laki sita. Lakini ni binamu yangu. Nilisahau kusema, logibuku ina jina la ammi yangu, marehemu.

FundiKazungu: Umesahau! Hilo si gari, ni mirathi. Warithi wangapi?

MwanaMambrui: Saba. Mmoja yuko Oman.

KakaBarani: Yule wa Oman ndiye atakayerudi siku utakapomaliza kulipaka rangi.

PijoDamu: Si nilisema 504? Na logibuku yake je?

MwanaMambrui: Hiyo sijauliza. Jumamosi nitapita kwanza dukani nitafute sumaku.

AmuMsafiri: Spika mbovu ya redio ina sumaku nzuri, usinunue. Na ukiwa huko mjini, niulizie boneti ya 404, yangu aliikalia punda.