Tuwafute mbu duniani, ndiyo au hapana?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2018 wataalamu wa Imperial College London walihariri jeni za mbu wa anofelesi, wakawachanganya na wenzao kwenye vizimba vya maabara. Majike waliorithi jeni hiyo kutoka pande zote mbili hawakuweza kuuma wala kutaga. Baada ya vizazi 7 hadi 11, vizimba vikabaki vitupu. Swali: waachiwe nje au wasiachiwe? Mimi nasema hata leo. Mbu, buibui, tandu, wadudu wote hawa wasio na kazi, nani atawalilia?

Dada Nyuki: Samahani, buibui si mdudu. Mdudu ana miguu 6, buibui 8.

Kauzu: Watu tunaongelea malaria, mwenzetu anahesabu miguu.

Dada Nyuki: Asiyejua kuhesabu miguu ndiye anataka kufuta viumbe? Mbu wako aina zaidi ya 3,500. Malaria inabebwa na anofelesi, tena baadhi yao, tena majike tu. Dume anajinywea zake maji matamu ya maua. Na wapo mbu wakubwa ambao hawamuumi mtu kabisa, viluwiluwi vyao vinakula viluwiluwi vya mbu wengine. Nao wafutwe?

Tumaini: Mbu hajui mpaka. Nchi moja ikiwaachia na jirani akakataa, inakuwaje?

Babu Mchwa: Ngoja kwanza, Kiswahili gani hiki cha miguu 6? Mdudu ni kidubwana chochote kinachotambaa. Nge mdudu, tandu mdudu, funza mdudu. Kidole kikitunga usaha tunasema mdudu wa kidole. Huyo ana miguu mingapi?

Dada Nyuki: Shikamoo Babu. Lugha ya sebuleni na ya maabara ni mbili. Kwa hesabu yako hata jongoo ni mdudu, na Australia wamempata mmoja mwenye miguu 1,306.

Kauzu: Yote hiyo, na mtungi hapandi 😂

Dada Nyuki: Kauzu, kuna siku utachangia hoja?

Kauzu: Siku utakayoacha kusahihisha watu kama madaftari.

Mpita Njia: Mnasahau kakao. Mbu wakiisha hakuna chokoleti, wao ndio wanaochavusha.

Dada Nyuki: Hao ni visubi!

Mpita Njia: Kisubi, mbu, si wote wadudu wanaouma? Babu kasema.

Babu Mchwa: Mimi usinitie humo.

Tumaini: Nimeuliza kuhusu mipaka…

Mleta mada: Jamani, waachiwe au wasiachiwe?

Babu Mchwa: Tumalize kwanza la buibui. Binti, na kunguni je?

Dada Nyuki: Miguu 6. Mdudu halali.

Kauzu: Basi tuanze na huyo. Hapo sina ubishi.

Dada Nyuki: Hapo hata mimi.