Mfungishaji ndoa: lazima awe na cheo, au rafiki wa maharusi anatosha?

Wakuu, juzi nilikuwa kwenye harusi ambayo mfungishaji ndiyo kwanza anawaona maharusi. Alisoma karatasi kama anasoma tangazo la mnada, na kwenye kiapo akamtaja bibi harusi kwa jina lingine kabisa, labda la ndoa aliyofungisha asubuhi. Bibi harusi akasita, akamwangalia mwenzake, kisha akaitikia hivyo hivyo. Tangu hapo najiuliza: kwa nini asifungishe rafiki au shangazi anayewajua?

Kwanza, mfungishaji hafungi chochote. Wanaofunga ni maharusi. Kwenye nikaha, yaani ndoa ya Kiislamu, hutafutwa walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi na ijabu na kabuli (tamko la kuoza na la kukubali). Sheikh anayetoa hotuba si nguzo. Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini hufundisha kuwa maharusi ndio wanaopeana sakramenti, padri anapokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Wakweka, dhehebu la Kikristo, ndiyo kabisa: wawili wanasimama katikati ya mkutano, wanaahidiana, waliohudhuria wanatia sahihi. Basi cheo cha nini?

— Ndugu mleta mada, umesema nani anafunga, hujagusa nani anathibitisha. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipoweka sharti la paroko na mashahidi mwaka 1563, tatizo lilikuwa ndoa za siri: mtu anaahidi faraghani, kesho anakana, mwenzake abaki mikono mitupu. Mfungishaji mwenye kibali anawekwa kwa ajili ya siku ya ugomvi, siku ya furaha hata mpita njia angefaa. Binamu yangu alifungishwa na rafiki, maneno matamu mpaka watu wakalia. Fomu hakuna aliyeipeleka. Mume alipofariki, binamu alizunguka ofisini na albamu ya picha kwapani akithibitisha kuwa aliolewa.

— Mbona mnafanya kama ni lazima kuchagua moja? Sahihi ibaki kwa msajili, maneno apewe anayewajua. England na Wales wengi ndivyo wanavyofanya: wanaandikishwa kwa msajili, halafu sherehe anaiongoza mtu waliyemtaka, ingawa maneno yake hayana nguvu ya kisheria. Australia walikwenda mbele zaidi: tangu 1973 raia wa kawaida wasio viongozi wa dini hupewa kibali cha kufungisha, na sheria inawalazimu kutamka maneno maalumu ya kuwakumbusha wawili hao uzito wa wanachokifanya. Kibali na ukaribu vinakaa kwa mtu mmoja bila shida.

— Mimi naona hata harusi si mahali pabaya sana pa kukosea. Nendeni msibani. Hapo hakuna cheti kinachotegemea maneno ya mwongozaji, mtu yeyote angeruhusiwa, na bado tunamwachia mgeni asome wasifu aliopewa dakika kumi kabla. Bibi harusi alau alisita. Marehemu hasiti.

— Mleta mada tena. Ya fomu nimeyakubali, na huyo binamu pole zake. Ila yule aliyekosea jina alikuwa na kibali kamili. Nimemuuliza bibi harusi kuhusu cheti: jina limeandikwa sawasawa, kisheria hana wasiwasi. Video ya kiapo ndiyo hataki mtu aifungue.